Kalamu na Asiyeweza Kukagua

Mama mmoja wa usharika wetu alifika ofisini siku moja ya mwezi wa Novemba, wakati ambapo hapa Songea kila mtu anatazama mbingu akisubiri mvua za kupandia mahindi. Cheti cha ubatizo cha mwanawe alikuwa amekifunga ndani ya kitambaa, na kitambaa ndani ya mfuko. Baada ya kusema "Bwana Yesu asifiwe" na kuulizana habari za nyumbani, alikifungua mezani polepole. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Sasa ndugu za marehemu walikuwa wanasema kijana hana haki katika shamba la baba yake, kwa kuwa si mtoto wake. Ushahidi wao ulikuwa cheti hicho hicho, kilichotolewa na kanisa. Mahali pa jina la baba palikuwa na jina la mtu mwingine.

Tulitoa kitabu cha ubatizo kabatini, tukafunua hadi ukurasa wenyewe. Tuliutambua mwandiko kabla hatujayasoma majina. Ulikuwa wetu. Ilikuwa Pasaka ya miaka mingi nyuma. Watoto wengi walibatizwa siku ile, na jioni umeme ulikatika. Kwa mwanga wa kandili tulinakili majina kutoka kwenye karatasi ya mwinjilisti. Jicho likaruka mstari mmoja. Watoto wawili waliofuatana wakabadilishana baba, na hakuna aliyegundua, maana cheti cha ubatizo hukaa sandukuni hadi siku ya shida.

Kilichotuumiza zaidi ni kwamba mwandiko ulikuwa mzuri. Tangu shule ya msingi tumesifiwa kwa mwandiko wetu, na tulipokuwa chuo cha theolojia wenzetu walituomba tuwaandikie kadi za harusi. Ukurasa ule ulikuwa umenyooka, herufi zimejipanga, hakuna doa la wino. Kwa hiyo kosa lilivaa sura ya kweli. Kama tungekuwa tumeandika ovyo, pengine mtu angeshuku mapema.

Tulimwomba mama radhi. Hakupandisha sauti. Alisema tu: "Baba Mchungaji, mimi sijui kusoma. Nilikuona unaandika, nikaamini."

Neno lile limetufuata kwa miaka, na ndilo linalotufanya tuulize katika insha hii: Je, uzuri wa kazi ya mkono ni wema? Mtu anayeandika maneno ya wengine kwa mwandiko wa kupendeza, anawajibika kwa nani? Kwa bwana anayemlipa, kwa maneno yenyewe, au kwa yule atakayeyahitaji kesho? Ili tusijifungie katika ofisi yetu ndogo, tumetafuta msaada kwa watu walioishi kwa kalamu. Wawili kati yao tuliwafahamu vitabuni wakati wa masomo: mmoja wa Lamu, mwingine wa Japani ya kale.

Wa Lamu ni Muhamadi bin Abubakari, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Kijumwa. Alizaliwa katika mji huo yapata mwaka 1855, akafariki mwaka 1945. Alilelewa katika Uislamu na katika elimu ya chuoni, na mikono yake haikujua kukaa bure: alichonga milango, alipiga kibangala, alitunga mashairi. Lakini kazi iliyombeba hadi leo ni ya kunakili. Tenzi za zamani za Waswahili zilikuwa zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, katika karatasi zilizoliwa na mchwa na chumvi ya bahari, au zilikuwa vifuani mwa wazee. Kijumwa alizinakili kwa mwandiko safi, vichwa vyake vikiwa na mapambo, kama mtu anayechonga mlango. Wateja wake wengi walikuwa wageni. Mwalimu Alice Werner kutoka Uingereza alipata maandishi kwake, naye William Hichens vilevile. Utendi wa Fumo Liyongo aliuandika mwaka 1913. Leo nakala zake zinatunzwa London na Ujerumani.

Kunakili Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ni kazi ya dhamiri, na tungependa msomaji aone kwa nini. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi; Kiswahili kina irabu tano. Basi alama moja inaweza kusomwa "i" au "e", nyingine "u" au "o". Tena yako matamshi yetu ambayo Waarabu hawana herufi yake, na waandishi wengi wa zamani walitumia herufi moja kwa "b" na "p". Neno moja likiandikwa kwa uvivu linaweza kusomwa kwa namna mbili au tatu. Mnakili ndiye anayebeba tofauti hiyo. Akiwa mzembe, utendi unaendelea kusomeka, mizani inatimia, vina vinaitikiana, lakini si neno la mtunzi tena.

Na mtunzi hawezi kulalamika. Miongoni mwa maandishi yaliyopita mikononi mwa Kijumwa ni utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa Pate, aliyeutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, akaona siku zake ni chache, akataka kumwachia mtoto maneno ya kuishi nayo. Fikiri juu ya mama huyo. Yeye yuko kaburini. Maneno aliyomwachia mwanawe yamo mikononi mwa mnakili asiyemjua. Kama mstari mmoja utarukwa, hataamka kusema, "Sikusema hivyo." Kwa upande mwingine, Mzungu aliyeagiza nakala naye alitegemea kuambiwa na Kijumwa mwenyewe neno lisomweje. Mnakili alisimama katikati ya watu wawili, na wote wawili walikuwa hawawezi kumkagua.

Hapa ndipo tunapoona jibu la kwanza. Yule anayelipa si bwana pekee wa kalamu. Kijumwa alilipwa, na hakuna aibu katika hilo. Fundi anakula kwa jasho lake, na mtume Paulo mwenyewe alishona mahema. Lakini malipo yalitoka kwa mgeni, wakati deni lilikuwa kwa marehemu. Kila neno lililonakiliwa vizuri ni neno ambalo mtu asiye na uwezo wa kudai amelipwa.

Tusifanye haraka, hata hivyo, kumtukuza kila anayetunza maandishi. Mmoja wa watu waliokusanya kazi za Kijumwa alikuwa mchungaji wa Kilutheri kama sisi, Mjerumani Ernst Dammann, aliyehudumu Tanga katika miaka ya 1930 na kwenda Lamu kutafuta tenzi. Mwaka 1940 alichapisha mkusanyo mkubwa wa tenzi hizo huko Hamburg, na wanafunzi wa Kiswahili wanamshukuru hadi leo. Mtu huyo huyo alikuwa mwanachama wa chama cha Hitler. Alikuwa na subira ya kuchunguza irabu moja katika mstari wa mwanamke wa Pate, akakubali kuvaa beji ya chama kilichofuta watu kama mtu anavyofuta ubao. Tunalisema hili kwa huzuni na bila kujiona bora. Tunalisema kwa sababu ni la nyumba yetu, na kwa sababu linatuonya: kupenda herufi kunaweza kukaa katika moyo mmoja na kutomwona jirani.

Onyo hilo linatupeleka Japani, kwa mtu ambaye kalamu yake ilikuwa pambo la ikulu. Fujiwara no Yukinari alizaliwa mwaka 972. Babu yake alikuwa mkuu wa serikali, akafariki mwaka huo huo. Baba yake alikufa kwa ndui mtoto akiwa na miaka miwili hivi. Katika ukoo ule, mtu asiye na baba alikuwa kama mche wa mgomba uliopandwa penye upepo. Kilichomwinua Yukinari ni bidii na mkono wake. Katika ikulu ya Kyoto, mtu alipimwa kwa mwandiko kama sisi tunavyompima mtu kwa salamu. Barua fupi ya Yukinari iligombewa, si kwa habari iliyomo bali kwa namna brashi ilivyopita juu ya karatasi. Wajapani wanamhesabu kuwa mmoja wa mabingwa watatu wa mwandiko wa enzi ile, na mtindo wake ulirithiwa na kizazi chake kwa mamia ya miaka.

Lakini ikulu ina bwana wake. Wakati wa Yukinari mwenye nguvu alikuwa Fujiwara no Michinaga, aliyetawala kwa kuwaoza binti zake kwa wafalme. Yukinari alimtumikia. Alitunza pia kumbukumbu za kila siku, na humo aliandika bila kujificha jambo la mwaka 1011. Mfalme Ichijō alikuwa mgonjwa wa kufa. Alitaka mwanawe wa kwanza, Atsuyasu, awe mrithi wa kiti. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi. Mama yake alikwisha kufariki, na nyumba ya mama yake ilikwisha kuanguka. Msimamizi wa shughuli za nyumba ya mtoto huyo alikuwa Yukinari mwenyewe. Mfalme akamwuliza maoni yake. Yukinari akashauri kwamba asimtaje Atsuyasu, bali mdogo wake, mjukuu wa Michinaga. Ndivyo ilivyokuwa.

Tumemfikiria sana mtu huyu, wala hatutaki kumhukumu kwa wepesi. Huenda aliona kwamba mtoto asiye na wa kumtetea angeponzwa na kiti cha ufalme. Huenda kweli alimwepusha na mabaya. Naye alikuwa yatima wa siasa tangu utotoni. Alijua upepo unavyovuma. Lakini swali letu linabaki. Mtoto yule alikuwa na mtu mmoja aliyepaswa kunena kwa niaba yake katika chumba ambacho yeye hakuingia, na mtu huyo alinena kwa niaba ya mwenye nguvu. Mkono ambao haukukosea mstari hata mmoja wa brashi uliruka jina la mtoto.

Habari inasema kwamba Yukinari na Michinaga walikufa siku moja, ambayo kwa kalenda yetu ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1028. Watu walishughulika na msiba wa mkubwa. Tunapolisoma hilo tunajiuliza ni nini kilichompata mwandishi kutokana na kumtumikia bwana wake kwa uzuri wote ule. Mwandiko wake ungalipo. Ushauri wake nao ungalipo, umeandikwa kwa kalamu yake.

Wala hatuhitaji kwenda Kyoto ili kujua kwamba jina la mtu linaweza kuwa mikononi mwa wengine. Mji wetu unakumbuka kila Februari. Tarehe 27 Februari 1906 wakoloni Wajerumani waliwanyonga hapa Songea mashujaa wa vita vya Majimaji, wakazikwa pamoja. Kabla ya kunyongwa, padre wa Kibenediktini aliwabatiza baadhi yao. Majina ya watu wale yalihitajika kwa shughuli mbili: hukumu na ubatizo. Hatuwezi kusimama penye kaburi lile bila kutetemeka kwa jinsi shughuli hizo mbili zilivyokaribiana. Mahakama ilitaka jina ili ifunge jalada. Ubatizo unataka jina kwa sababu Mungu anamwita mtu kwa jina lake na hamsahau. Kalamu inaweza kuwa moja, wino mmoja. Tofauti ni hii: je, jina linaandikwa ili mtu aishe, au ili asipotee?

Biblia nayo ina waandishi wake. Baruku alikuwa mwandishi wa Yeremia. Nabii alizuiwa kuingia nyumba ya Bwana, basi alinena na Baruku akaandika katika gombo. Yeremia hakuwa na njia ya kulifuata gombo lile aone kama maneno yake yamefika salama. Alimtegemea mwandishi. Nalo lilipofika kwa mfalme Yehoyakimu, mfalme alikata kurasa kwa kisu kidogo akazitia motoni. Hapo ndipo tungetegemea mwandishi akate tamaa, au atafute kazi ya ikulu yenye malipo na usalama. Ujuzi alikuwa nao. Badala yake Baruku alichukua gombo jingine, akaandika yote upya, na mengine yakaongezwa. Hatuambiwi kama mwandiko wake ulikuwa mzuri. Tunaambiwa kwamba hakuruka kitu.

Na katika Waraka kwa Warumi, karibu na mwisho, anajitokeza kwa sentensi moja mtu aitwaye Tertio, anasalimu na kusema kwamba ndiye aliyeuandika waraka. Waraka ule uliomfungua macho Martin Luther, na ambao sisi Walutheri tunausoma kama mtoto anavyosoma barua ya mzazi, ulipita katika mkono wa mtu ambaye hatujui lingine lolote juu yake. Kama angesinzia jioni ile, kama jicho lake lingeruka mstari mmoja pale penye neema na imani, nani angejua? Tunamshukuru Mungu kwa Paulo. Ni haki tumshukuru pia kwa Tertio.

Basi tunarudi kwenye swali. Je, uzuri wa kazi ya mkono ni wema? Tunajibu kwamba uzuri ni heshima, nao ni mwema unapokuwa heshima kwa mtu fulani. Aliyepamba utendi wa Mwana Kupona alimheshimu mama aliyeutunga. Lakini uzuri hauna uwezo wa kujisahihisha. Unaweza kuandika uongo kwa unyoofu ule ule unaoandikia kweli, na unaweza kumtumikia Michinaga kama unavyoweza kumtumikia yatima. Kinachoufanya kuwa wema ni uaminifu kwa yule asiyeweza kukagua: marehemu, mtoto, mfungwa, mama asiyejua kusoma. Kwa mwenye nguvu kila mtu ni mwaminifu, maana atakagua. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na tulipokuwa tukifundisha kipaimara tulizoea kuieleza kwa habari ya masengenyo na mahakama. Siku ile ofisini tulitambua kwamba kitabu cha ubatizo ni kiti cha shahidi, na kwamba tulikuwa tumeketi pale kwa miaka bila kujua kuwa tumeapishwa.

Kuna watakaosema: lile lilikuwa kosa tu, si dhambi, jicho huchoka. Ni kweli jicho huchoka. Lakini tulipokuwa tunamaliza ukurasa ule usiku wa Pasaka, tuliutazama na kufurahi jinsi ulivyopendeza, tukaenda kulala. Hatukuulinganisha na karatasi ya mwinjilisti. Tulikagua uzuri, hatukukagua kweli. Kuruka mstari kulikuwa uchovu. Kuridhika na sura ya ukurasa kulikuwa kitu kingine, na hicho ndicho tulichokiungama.

Shauri la mama yule lilichukua misimu miwili ya kupanda. Karatasi ya mwinjilisti haikuwepo tena. Wadhamini wa ubatizo wa mtoto walikuwa hai, nao pamoja na wazee wa kanisa walitoa ushuhuda. Sisi tulisimama mbele ya mahakama ya mwanzo tukasema kwamba kosa ni letu, tukaonyesha mistari miwili ilivyopishana. Kijana alipata shamba la baba yake. Lakini misimu miwili mama alikodi sehemu ya kulima, na mwaka mmoja wapo alikosa fedha za mbolea. Kusamehe alitusamehe. Kile alichokosa hatukuweza kukirudisha chote, ingawa usharika ulimsaidia kadiri ulivyoweza. Msamaha wa Kristo unaondoa hatia, haufanyi mavuno ya mwaka uliopita yaote upya. Mchungaji anayelihubiri hilo kwa wengine afaidike kulibeba mwenyewe.

Baadaye tuliona jambo katika habari zote hizi ambalo mwanzoni hatukuliona. Baruku, baada ya kuandika, alilisoma gombo kwa sauti mbele ya watu katika nyumba ya Bwana. Tenzi za Lamu ziliandikwa ili zisomwe kwa sauti na kuimbwa, na aliyekuwa anaujua utendi kwa moyo angeshtuka mara moja kusikia neno lililopotoka. Asiyeweza kukagua kwa jicho anaweza kukagua kwa sikio, endapo mwenye kalamu atakubali kufungua kinywa.

Tangu wakati ule, hapa kwetu, hatufungi kitabu cha ubatizo kabla ya kusoma. Baada ya ibada wazazi na wadhamini wanaitwa mezani, familia moja moja. Tunasoma kwa sauti yale tuliyoandika: jina la mtoto, siku aliyozaliwa, baba, mama. Kisha tunauliza, "Ndivyo?" na tunasubiri. Inachukua muda, na baadhi ya watu wana haraka ya kwenda kwenye pilau ya sherehe. Pasaka moja, bibi mmoja mzee, ambaye hajawahi kushika kalamu, alisikiliza akiwa amefumba macho, akatikisa kichwa. "Hapana, Mchungaji. Huyo ni jina la babu yake. Baba yake ni yule aliyesimama mlangoni."

Tulichukua rula, tukapiga mstari juu ya jina, tukaandika sahihi pembeni na kutia saini. Ukurasa ule sasa una alama isiyopendeza katikati. Mwaka ulipoisha tulipata shauku ya kuunakili upya uwe safi. Tumeuacha ulivyo.